Mafunzo ya usalama wa masikio kazini: nimetoka na hasira

Jambo hili nimekaa nalo kifuani siku kadhaa, leo nalitoa. Kazini tuliletewa mafunzo ya nusu siku ya kulinda masikio, na mkufunzi alianza vizuri. Alisema kelele za desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 ndiyo mpaka unaofuatwa na wengi, na kelele zikipanda desibeli 3 tu, muda wa kukaa humo unakatwa nusu. Yaani kwenye 88 ni saa 4. Hapo nilikuwa naye kabisa, naandika kila neno.

Kisha akaingia kwenye mambo yanayoshusha utendaji wa mfanyakazi. Uchovu, zamu ndefu, halafu "mtazamo mbaya". Mfano wake ulikuwa mfanyakazi anayeitwa mara tatu haitiki.

Nikanyoosha mkono. Nikamwambia huyo ni mimi. Kwenye tathmini yangu iliyopita msimamizi aliandika "hafuati maagizo", kumbe siyasikii. Niliagizwa maboksi tisa nikaleta sita, maana kwenye ngurumo ile ya mashine tisa na sita kwangu ni neno moja. Jioni masikio yanavuma mpaka napitiwa na usingizi. Akatazama saa yake, akasema: "Dada, malalamiko binafsi peleka ofisini, hapa tunajifunza." Watu wakacheka.

Malalamiko binafsi! Masikio kuvuma baada ya kazi ni dalili kwamba kelele zimezidi. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishakufa havioti tena, na sauti nyembamba kama "s" na "f" ndizo hupotea mapema, kwa hiyo unamsikia mtu anaongea lakini maneno huyapati. Mtu wa namna hiyo hana kiburi. Anaumia, na anayepewa kazi ya kufundisha masikio alipaswa kuwa wa kwanza kumtambua.

Nilitaka kuandika kwamba mafunzo yote ni bure. Siwezi, kwa sababu ya msaidizi wake. Wakati wa mapumziko alinifuata mwenyewe, akachukua kizibo cha sponji, akakisokota kikawa chembamba kama njiti, akaniambia nipitishe mkono wa pili juu ya kichwa, nivute sikio juu na nyuma, nikiingize, nikishikilie kwa kidole kama nusu dakika kivimbe. Miaka yote nilikuwa nakibandika mlangoni mwa sikio tu! Siku iliyofuata mlio wa mashine ulisikika kama umesogea mbali, nikafanya zamu nzima bila kichwa kugonga. Kwa dakika zile tano za yule dada, nendeni.

Ila nikikumbuka kile kicheko narudi palepale. Kizibo ni kinga ya mwisho. Ile mashine yenye kifuniko kilicholegea, kinachogonga kutwa, hakuna aliyeitaja, wala kuihamisha, wala kutuzungusha zamu. Kipimo cha usikivu hatukufanyiwa hata mmoja, na hiki hufanywa masikio yakiwa yamepumzika kabla ya zamu, si jambo la kushindikana. Wakituletea mkufunzi yuleyule, mimi siingii.

Nimeomba kipimo kwa maandishi, na nimeomba yale maneno "hafuati maagizo" yaondolewe kwenye faili langu mpaka majibu yatoke. Bado sijajibiwa.