Machiya za wageni zilizopambwa na wasanii, Kyoto: zinafaa kwa nani, na nini cha kukagua

Machiya ni nyumba ya mbao ya mjini, ya mfanyabiashara au fundi wa zamani: duka mbele, makazi nyuma. Wenyeji wa Kyoto huita umbo lake kitanda cha mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, kwa sababu upande wa barabarani una mita 5 au 6 tu, halafu nyumba inarudi nyuma mita 20 na zaidi. Nguzo zake zimesimama juu ya mawe, hazikufungwa kwenye msingi, na tangu sheria ya ujenzi ya 1950 nyumba ya namna hiyo haijengwi tena kwa utaratibu wa kawaida. Hesabu ya jiji ya 2016 ilikuta zimebaki kama 40,000. Kwa hiyo msanii anayekabidhiwa machiya aifanye nyumba ya wageni ameshika kitu kisicho na mbadala, na kazi yake inastahili kukaguliwa kwa makini kuliko mapambo ya hoteli yoyote.

Anza na ukuta. Ukuta wa machiya ni fito za mianzi zilizofungwa kwa kamba, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu ya mpunga, kisha tabaka la kati, kisha udongo laini wa mwisho. Unanywa unyevu wa kiangazi na kuutoa hewa inapokauka. Msanii akiupaka rangi ya plastiki ameuziba pumzi: baada ya muda rangi inavimba malengelenge, na pembe za chini, hasa nyuma ya kabati, zinaota ukungu. Usisugue ukuta kwa kidole kuupima, maana mchanga unapukutika. Simama karibu na dirisha, uutazame kwa ubavu, malengelenge yataonekana. Msanii anayeijua nyumba huchanganya rangi ndani ya udongo wa tabaka la mwisho, au hutumia bengara, ile rangi nyekundu ya kutu ya chuma ambayo imepakwa kwenye vimia vya madirisha ya Kyoto kwa karne nyingi.

Kazi nzuri kuliko zote katika nyumba hizi mara nyingi iko kwenye fusuma, milango ya karatasi ya kusukuma pembeni. Kyoto bado ina mafundi wa karakami, karatasi inayopigwa chapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, na wino wake una unga wa ulanga, madini yanayometameta. Mchana mlango unaonekana mweupe mtupu. Jioni, taa ikiwekwa sakafuni, maua au mawimbi yanajitokeza, na ukitembea hatua mbili yanahama. Msanii aliyechora nakshi yake mpya kwa ajili ya vibao kama hivyo ameelewa mahali alipo. Aliyetundika picha kubwa ya akriliki kwenye tokonoma, lile shubaka la heshima, amelifanya ukuta wa duka la picha.

Mwanga ndio kipimo cha pili. Jua huingia machiya kutoka mbele, kutoka nyuma na kutoka tsuboniwa, kiua kidogo cha katikati. Chumba cha kati hubaki na giza hata saa sita mchana, na giza hilo ni sehemu ya nyumba. Tazama picha za tangazo uhesabu taa zilizofukiwa darini. Zikizidi mbili kwa chumba cha mikeka 6 (kama mita za mraba 11 kwa tatami, mkeka wa sakafuni, ya Kyoto yenye sentimita 191 kwa 95.5), tafuta nyumba nyingine. Balbu za njano, chini ya usawa wa kiuno, zinatosha.

Mahali pa kuweka kazi kubwa ni tooriniwa, ujia uliokuwa jiko, ambao huachwa wazi hadi paani ili moshi utoke. Boriti zake bado zina masizi. Ndipo penye kimo cha kuning'iniza kitu kirefu, na ndipo penye baridi kali pia.

Baridi haitibiwi na sanaa. Nyumba hizi zilijengwa zipitishe upepo wa kiangazi, na Januari usiku wa Kyoto hukaribia nyuzi 0. Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: je, sakafu ya mbao ina mfumo wa joto, vioo vya upande wa kiua ni vya tabaka mbili, na chumba cha kuvulia nguo kabla ya bafu kina kipasha joto? Jibu la tatu likiwa hapana, epuka Desemba hadi Februari.

Vizingiti vya juu viko kama sentimita 175, basi mtu mrefu ainame kila mlango. Ngazi ni za wima kama za dari. Mwenye goti bovu au mtoto mdogo alale ghorofa ya chini. Beseni la mbao ya hinoki linanukia vizuri likitunzwa: jisugue na kujisuuza nje yake, usitie sabuni ndani, na lisifunikwe likiwa na maji. Weusi kwenye maungio ya mbao ni dalili kwamba halikaushwi. Magurudumu ya sanduku yanachana tatami, kwa hiyo mizigo ibaki mlangoni. Na majirani wako hatua moja tu, nyuma ya ukuta mwembamba. Sauti ishushwe usiku.

Leseni nayo itazamwe. Nyumba yenye kibali cha sheria ya hoteli hupokea wageni mwaka mzima; iliyosajiliwa kwa sheria ya kukodisha makazi kwa wageni, iliyoanza kutumika 2018, ina kikomo cha siku 180 kwa mwaka. Pasipoti itanakiliwa kwa mgeni asiye na anwani Japani. Pasipo na mapokezi, kanuni za jiji zinataka msimamizi awe umbali wa kufika ndani ya dakika 10, na mawasiliano yake yabandikwe nje.

Kwa kuwa unakodi nyumba nzima, idadi ya watu inabadilisha hesabu, hata ya kodi ya malazi. Tangu tarehe 1 Machi 2026 kila mtu hulipa kwa usiku yeni 400 ikiwa bei yake ni kati ya 6,000 na 19,999, yeni 1,000 kati ya 20,000 na 49,999, na yeni 4,000 kati ya 50,000 na 99,999. Nyumba ya yeni 80,000 bila chakula, kwa watu 4, ni 20,000 kila mmoja: kodi jumla 4,000. Kwa watu 5 ni 16,000 kila mmoja, na kodi inashuka hadi 2,000. Mtu peke yake atalipa 4,000 juu ya bei yote, na vyumba vingine vitabaki vitupu. Huyo achukue ryokan, nyumba ya wageni ya jadi inayokodishwa chumba kimoja kimoja.