Wakanidai "muswada wa umeme": miaka yangu na shajara ya mtandaoni

"Ili kuthibitisha wewe ni wewe, pakia muswada wa umeme wa hivi karibuni wenye jina lako."

Hayo ndiyo maneno niliyoandikiwa na huduma kwa wateja ya shajara yangu ya mtandaoni, na sijayagusa hata nukta. Muswada. Mimi ninayefundisha Kiswahili sekondari miaka yote hii naambiwa nipeleke muswada wa umeme, utadhani nitasimama bungeni Dodoma niusome mara ya pili. Nilipong'amua kwamba wanachotaka ni ankara, nikawajibu kwa adabu zangu zote: kwetu umeme ni LUKU. Unanunua kwa simu, unaingiza tarakimu ishirini kwenye mita, taa inawaka, habari imekwisha. Ankara ya mwezi haiji kwa sababu haipo.

Siku mbili kimya. Kisha: "Asante kwa subira yako, Mpendwa. Tafadhali pakia muswada wa umeme."

Nyota moja. Jina la kampuni siliandiki. Wao wana mawakili, mimi nina mshahara wa mwalimu. Lakini anayefikiria kuweka maisha yake kwenye shajara ya mtandaoni ya kulipia na akae anisikilize.

Nilianza zamani, enzi za intaneti kafe pale Ngamiani, Tanga. Jero nusu saa. Kibodi herufi A imefutika kabisa, unaitafuta kwa kukumbuka, na kijana wa zamu anagonga meza dakika zikiisha hata kama umebakiza neno moja. Ndiyo maana kurasa zangu za mwanzo nyingi zinakatika njiani kama redio iliyoishiwa betri. Kebo ya intaneti ya baharini, SEACOM, ilikuwa haijafika Dar, ilikuja 2009, kwa hiyo ukifungua ukurasa unaweza kula kitumbua ukamaliza na kunawa ukarudi, bado unafunguka. Nikaandika hivyo hivyo. Bei ya sukari. Vuli iliyochelewa. Ugomvi wa mawifi kwenye arusi ya mdogo wangu. Na mama yangu, hasa mama yangu, maana yule mwanamke maneno yake huwezi kuyaacha yapite.

Kuna ukurasa nauweza kwa moyo: "Leo Mama kamwambia paka, 'Wewe na mwenye nyumba wako nyote hamna haya.' Mwenye nyumba alikuwa kasimama mlangoni na kitabu chake cha risiti." Basi, ukurasa mzima ni huo. Mama hayupo tena. Paka hayupo. Mwenye nyumba kauza nyumba. Mahali pekee ambapo watatu hao bado wako pamoja ni kwenye seva ya hao hao wanaotaka muswada.

Zamani nilikuwa nimeiacha wazi, yeyote asome. Nilikuwa na wasomaji, si wengi, dada zetu wa Muscat na wengine Uingereza, walionidai ukurasa mpya kama wanavyodai maandazi asubuhi. Zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018. Kuandika hadharani kukataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano: maombi laki moja, leseni milioni moja, na kila mwaka milioni nyingine. Milioni, kwa ajili ya paka wa Mama! Nikatia kufuli shajara yote usiku mmoja. Tangu hapo msomaji ni mimi peke yangu. Sikujua kwamba kwa kufunga vile nilikuwa nainyima nafasi ya kutunzwa kwingine tangu siku ile, kwa sababu Internet Archive wanahifadhi nakala za kurasa zilizo wazi tu. Kilichofungwa hawakioni.

Kisha likaja lile la kusajili laini za simu. Wote mnalikumbuka: alama za vidole, namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, ukomo Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Namba yangu ya NIDA haikuwa imetoka. Nilipanga foleni hadi viatu vikaniomba msamaha. Laini ikafungwa. Nikaja kupata nyingine, nikawapa namba mpya ndugu, majirani na mkuu wa shule, maisha yakaendelea.

Kwenye shajara sikubadilisha. Hapa mtanisema, na mna haki, kwa hiyo niseme mwenyewe kabla yenu: walikuwa wananikumbusha. Kila baada ya muda kinatokea kisanduku, "Je, namba hii bado ni yako?", nami nabonyeza "baadaye". Baadaye yangu imechukua miaka.

Sasa mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, simu yangu ikatumbukia kwenye ndoo ya kudekia. Nikanunua nyingine, nikaingiza nywila, sahihi kabisa. Wakasema kifaa ni kigeni, wametuma tarakimu sita kwenye namba yangu inayoishia na 41. Barua pepe? Ile ya zamani nayo imefungwa kwa namba hiyo hiyo. Ni kama kufungia funguo za nyumba ndani ya nyumba, na funguo za akiba ndani ya kabati la nyumba hiyo.

Ndipo wakaja na muswada. Nikapeleka kitambulisho cha NIDA: "Hati haitambuliki." Nikapeleka hati ya mshahara, anwani ya shule ni S.L.P.: "Anwani ya sanduku haikubaliki." Nikamwomba anipigie mtu, binadamu mwenye koo. Nikajibiwa kwamba wanathamini sana maoni yangu. Na kumbuka hapo ada ya mwaka walikuwa wameshaikata. Kwenye kukata, hawakuuliza muswada.

Usiku wa tatu nikafanya lililobaki. Nikapiga namba yangu mwenyewe.

Ikaita! Akapokea mwanamke, sauti kavu: "Nani mwenzangu?"

Nikaanza: samahani dada, hiyo namba zamani ilikuwa yangu, kuna ujumbe utaingia hapo wa tarakimu sita, nilikuwa naomba unisomee...

"Ishia hapo hapo. Nyie ndio wale wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'. Umenoa." Akakata.

Nami ningekata. Benki zinatuambia usimtajie mtu namba za uthibitisho, kampuni za simu zinatuambia, mimi mwenyewe nawaambia wanafunzi. Nilichokuwa naomba ndicho hasa wanachoomba wezi, kwa maneno yale yale ya wezi. Kampuni imenitengenezea njia moja tu ya kurudi kwangu, na njia hiyo inapita kwenye utapeli.

Kesho yake jioni nikarudia. Kosa. Jioni mume yupo nyumbani. "Haya, mwenyewe huyu hapa, kakaa. Sema mbele yake unachomtakia." Nikasikia mwanamume pembeni anaapa kwamba hanijui. Nikaomba radhi kwa wote wawili na kukata mwenyewe.

Nikatuma ujumbe mrefu. Kwamba mimi ni mwalimu, niko Tanga, sitaki pesa wala mume wa mtu. Nikalala nimekata tamaa. Asubuhi kabla sijachemsha chai, simu ikaita, namba yangu ya zamani inanipigia. Sijui kama mmewahi kupigiwa simu na namba yenu. Inatia baridi.

"Wewe ndiye Mwalimu? Mwalimu wa Kiswahili?"

"Ndiye."

"Mwalimu, wewe! Unajua watu wako wamenisumbua kiasi gani?"

Yuko mkoa wa Geita, ana genge la mbogamboga, laini aliipata dukani kama laini nyingine yoyote. Akaanza kunihesabia. Kuna mama wa kikoba alimpigia wiki nzima akidai rejesho, na siku ya mwisho akamtukana. Kuna fundi cherehani: gauni lako tayari, ukichelewa naliuza. (Kumbe ndiyo maana.) Na kulikuwa na binti mmoja alipiga anacheka na kulia kwa pamoja, kachaguliwa chuo kikuu, anataka Mwalimu ajue kabla ya watu wote. "Nikamwambia umekosea namba. Akaona kama wewe ndiye unamtania. Nikaona dhambi, Mwalimu. Nikamwambia hongera mwanangu, kasome."

Nikavuta kigoda nikakaa.

Darasa lile nalijua. Niliwafundisha jioni bila malipo, chini ya mwembe, mwaka mzima. Matokeo yalipotoka, majina ya vyuo yakatoka, simu yangu kimya. Na mimi na shajara yangu, nikaenda kuandika. Naukumbuka ukurasa wenyewe: "Hakuna hata mmoja aliyenipigia. Ndivyo walivyo." Mistari miwili, na baada yake nilisita kuandika karibu nusu mwaka. Sikumpa yeyote darasa la jioni tena.

Basi yule dada, sasa ananiita shoga, akakubali. Nikaomba tarakimu zitumwe. Zinaishi dakika kumi. Kwao mtandao unapatikana ukisimama karibu na tenki la maji. Ya kwanza ikafika imeshakufa. Ya pili akaisoma: "Nne, sifuri, sita..." Sita au tisa? "Sita. Ngoja nigeuze simu. Tisa." Nikaingiza, sivyo. Ya tatu mteja akamkatiza wa nyanya chungu. Mfumo ukasema nimejaribu mno, nirudi baada ya saa 24. Nilimtamkia mfumo neno ambalo Mama asingelikubali ndani ya nyumba.

Kesho yake saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya wateja, yeye kasimama tenkini, mimi jikoni, tukaingia. Alipiga kigelegele. Mtu wa Geita ambaye hajaniona, anapiga kigelegele kwa ajili ya paka wa Mama.

Nikataka kuandika nyota nne hapo. Kweli. Kila kitu kilikuwepo, hadi zile kurasa zilizokatika kwa kugongewa meza. Vinahesabika vitu vyangu vilivyotunzwa miaka yote hiyo bila kuliwa na mchwa. Wenzangu waliokuwa na kurasa zao GeoCities waliamka Oktoba 2009 wakakuta hakuna mlango. Open Diary, shajara nyingine ya mtandaoni, ilizimwa 2014, ikarudi 2018, na katikati hapo watu walikuwa na hali gani sijui. Hawa wangu hawajazima. Lazima niliseme hilo, hata kama meno nimeyauma.

Ila nikabonyeza "pakua shajara yako", kwa mara ya kwanza. Ukipakua unapewa faili moja la maandishi. Picha hazimo. Palipokuwa na picha pana kiungo tu kinachoelekea kwenye seva zao, maana yake siku wakizima, utabaki na maandishi yenye matundu: "Tazama Mama alivyocheka hapa", na hapa pana mstari wa herufi za ajabu. Picha inabidi uzishushe moja moja kwa mkono. Nimefika ya mia mbili na kitu, kidole kimeota sugu. Nikarudi nyota mbili.

Kisha nikaenda kwenye ukurasa ule wa wanafunzi. Nilitaka kuongeza mstari chini yake. Mfumo ukaniandikia, kwa Kiswahili chake: "Kurasa za kale zimehamia mtindo mpya na sasa ni za kusoma pekee." Za kale! Uwongo nilioandika mwenyewe kwa hasira zangu, wameufungia humo umetulia, umetunzwa vizuri, na mimi mwenyewe siruhusiwi kuusahihisha.

Nyota moja. Msiniulize tena. Na ndiyo, nimelipia mwaka mwingine, picha hazijaisha kushuka.

Namba nimebadilisha. Yule shoga wa Geita nimempa namba yangu mpya, akipigiwa na mtu wangu anamwelekeza. Juzi kanielekezea mama wa kikoba, jambo ambalo angeweza kuniepusha nalo. Binti wa chuo kikuu bado hajapatikana. Alipiga kwa simu ya kuazima.

Faili nimelipeleka steshenari, wanachapa karatasi mia moja mia moja. Kijana akawa anasoma zikitoka, akafika kwa mwenye nyumba, akacheka hadi akaacha mashine itafune karatasi. Nikamwomba ukurasa ule mmoja wa mistari miwili autoe kando. Nimeandika chini yake kwa kalamu: "Mmoja alipiga." Wino ni mwekundu, ndiyo kalamu iliyokuwa mfukoni.