Uzoefu wangu: wasifu wa Robespierre kwa sauti, nyota nne

Nimemaliza kusikiliza kitabu cha sauti kuhusu maisha ya Maximilien Robespierre, wakili aliyekuja kuwa kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa, nilichonunua kwenye programu ya simu. Kipo kwa Kiingereza, nami nilikuwa nakisikiliza kwenye foleni za asubuhi. Nakipa nyota nne.

Wengi tulisoma shuleni habari za Robespierre wa gilotini, ile mashine ya kukata vichwa, basi. Hapa unaanza naye Arras, mji wa kaskazini mwa Ufaransa, alikozaliwa mwaka 1758. Mama anafariki mtoto akiwa na miaka 6, baba, ambaye naye ni wakili, anawatelekeza watoto, ndugu wanabaki na mzigo wa malezi. Ufadhili wa abasia (nyumba ya watawa) ya Saint-Vaast ndio unaompeleka Paris, shule ya Louis-le-Grand, na huko anasoma pamoja na Camille Desmoulins. Lishike jina hilo.

Sehemu iliyonikuna zaidi ni kesi ya kinga ya radi. Bwana mmoja wa Saint-Omer, Vissery, aliweka chuma cha kuzuia radi juu ya nyumba yake. Majirani wakaingiwa na hofu kwamba kitawaletea balaa, wakashtaki, wakuu wa mji wakaamuru king'olewe. Mwaka 1783 Robespierre, kijana wa miaka 25, akaitetea rufaa mbele ya Baraza la Artois, mahakama ya jimbo, na akashinda. Kazi kubwa ya kuandaa hoja ilikuwa ya wakili mwenzake, Buissart, lakini sifa zikamwendea msemaji. Mwenyewe hakulaza damu: alichapisha hotuba zake na kumtumia Benjamin Franklin, Mmarekani aliyevumbua kinga hiyo ya radi. Kijana alijua kujiuza!

Baada ya Mapinduzi kuanza 1789 mambo yanakwenda mbio, ila mwandishi hasahau kwamba Robespierre ni wakili. Tarehe 30 Mei 1791 Robespierre anasimama bungeni kutaka adhabu ya kifo ifutwe. Tarehe 3 Desemba 1792 anasimama tena kudai Mfalme Louis XVI lazima afe ili taifa liishi. Hotuba hizo mbili zinasomwa zikifuatana, bila maelezo yoyote katikati. Nilirudisha nyuma nikasikiliza upya.

Halafu Aprili 1794 Desmoulins anakatwa kichwa. Juni hiyo inapita sheria ya 22 Prairial (tarehe ya kalenda ya mapinduzi), inayowanyima washtakiwa haki ya kuwa na wakili. Aliyeiwasilisha ni Couthon, naye wakili kutoka mkoani, na Robespierre akaisukuma ipite. Wiki chache baadaye yeye mwenyewe anatangazwa kuwa nje ya sheria, hivyo hakuna kesi wala utetezi. Mahakama inathibitisha tu kwamba huyu ndiye, na tarehe 28 Julai anapelekwa kwenye gilotini, akiwa na miaka 36.

Sasa nyota niliyoizuia. Konvensheni, bunge la mapinduzi, lilifuta utumwa katika makoloni tarehe 4 Februari 1794, na kitabu kinaipitia habari hiyo kama mtu anayewahi basi. Kwa msikilizaji wa Pwani hilo linauma. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, na soko lao lilikuwa visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Amri ya 1794 haikutekelezwa huko: wajumbe waliokuja nayo mwaka 1796 walifukuzwa na walowezi. Ukisikia Robespierre akihutubia Paris kuhusu haki za binadamu, ungetaka kujua hotuba ziliishia bahari gani. Mwandishi hagusi kabisa.

Msomaji ana sauti nzuri, lakini majina ya Kifaransa anayatafuna. Na tarehe za kalenda ya mapinduzi anazitaja zilivyo, bila kukusaidia. Andika pembeni: 22 Prairial ni 10 Juni 1794, na 9 Thermidor, siku aliyoangushwa, ni 27 Julai.

Bei ni ya kawaida. Faili ni zito, kwa hiyo pakua ukiwa kwenye waifai, bando lako litakushukuru. Na usiongeze kasi ya kusikiliza ukifika 1793, wajumbe ni wengi mno na nusu yao ni mawakili.