Mashine ya mkanda wa msasa niliyojitengenezea: mwaka mmoja na nusu, visu ishirini na vitatu

Visu vyangu vya mwanzo vyote nilivichonga kwa tupa. Kisu chenye wembe wa sentimita 12 kilinila jioni tatu kabla hakijafika kwenye moto, na sijutii hata moja, kwa sababu tupa ndiyo iliyonifundisha kutuliza kiwiko. Lakini nilikuwa na vipande vya springi za gari vinanisubiri na bega lilianza kuuma. Ndipo nikaamua kujenga mashine ya mkanda. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kuanza, kwani mambo niliyoyahofia hayakunisumbua, na niliyoyadharau ndiyo yaliyonirudisha nyuma miezi.

Nilianza kwa kuchagua mkanda, kisha nikaujengea fremu. Wafua visu wengi wanatumia upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 72, yaani takriban milimita 50 kwa 1830. Ukifuata kipimo hicho utapata kila aina ya msasa, kuanzia ule wa kukwaruza hadi ule wa kung'arisha. Ukijibunia urefu wako, utakuwa unaunganisha mikanda kwa gundi maisha yako yote.

Fremu ni bomba la mraba la milimita 50 lenye ukuta wa milimita 5, na mikono ni chuma cha mraba kisicho na tundu cha milimita 40, kinachoteleza ndani yake. Kwenye karatasi vinaingiana sawasawa. Kwenye benchi, ndani ya bomba mna mshono wa kiwandani uliotokeza, na mkono hauingii. Niliuparua ule mshono kwa tupa ndefu siku nzima. Halafu nilipochomelea miguu, joto likaupinda mdomo wa bomba kidogo na mkono ukakwama tena. Chomelea vituo vidogo vidogo pande zote kwanza, acha vipoe, ndipo ukamilishe. Na mkono uwe ndani ya bomba wakati huo.

Sasa magurudumu, maana hapa ndipo mashine inapokuwa mashine. Yako manne: la kuendesha, ambalo limekaa kwenye shafti ya mota na kipenyo chake ni milimita 100; la juu linaloongoza mkanda; na mawili madogo juu na chini ya bapa la kuegemezea kazi. Nilitengeneza yote kwa duara za plaiwudi zilizogandishwa pamoja. Nilizikata kwa uangalifu, nikaziwekea beringi, nikawasha. Mkanda ulikimbia vizuri na nikafurahi sana. Kisha nikakisogeza kisu kwenye mwanga wa dirisha nikaona mawimbi madogo yamejipanga kwenye ubapa wote, kama mchanga wa ufukweni maji yakishatoka. Nilidhani ni mkono wangu. Wiki mbili nilijilaumu bure.

Shida ilikuwa gurudumu la kuendesha. Lilipotea duara kwa nusu milimita tu, lakini mota inazunguka mara 2800 kwa dakika, kwa hiyo ile nusu milimita inaugonga mkanda mara 2800 kila dakika. Nililikereza papo hapo lilipo: nikaegemeza patasi kwenye ubao uliofungwa imara, mota ikazungusha, nikala mbao kidogo kidogo hadi patasi ikagusa mzunguko mzima. Mawimbi yakaisha. Msimu wa unyevu ulipokuja plaiwudi ikavimba, na mawimbi yakarudi. Mwishowe nilimpelekea fundi wa kukereza vipande vya aluminiamu akanitengenezea yote manne, na tangu siku hiyo sijayagusa. Kama utamlipa mtu kwa kazi moja tu katika mradi huu, iwe hii.

Gurudumu la juu linahitaji tumbo, yaani katikati liwe nene kuliko kingoni. Langu limezidi milimita moja. Mkanda una tabia ya kupanda kuelekea mahali gurudumu lilipo nene zaidi, ndiyo sababu tumbo linaushika katikati badala ya kuuachia utoroke. Gurudumu hilo nimelifunga kwenye bawaba, na bolti moja nyuma yake hulilaza kushoto au kulia. Robo mzunguko inatosha kuuhamisha mkanda. Bolti hiyo ilikuwa inajilegeza kwa mtetemo hadi nilipoiwekea springi chini ya kichwa chake. Kabla ya hapo mkanda ulichomoka mara mbili nikiwa kazini, na tangu wakati huo nawasha mashine nikiwa nimesimama ubavuni, kamwe si mbele yake.

Kuhusu mota nilikosea kwa tamaa ya kutumia nilichokuwa nacho. Nilitoa mota kwenye mashine kuukuu ya kufulia nguo. Nguvu ilikuwa nayo. Ila ina matundu ya kupitisha hewa, na vumbi la chuma halichagui pa kuingia. Siku moja harufu ya kuungua ikatoka, ikazima. Nilipoifungua, unga mweusi ulikuwa umejaa hadi kwenye nyaya. Niliyonayo sasa ni ya fezi tatu, kilowati 1.5, mwili wake umefungwa kabisa na feni iko nje. Inapata umeme kupitia inveta, ambayo huchukua umeme wa kawaida wa nyumbani, ikatoa fezi tatu na kuniruhusu kubadili kasi. Inveta nayo nimeifungia ndani ya sanduku lisilopitisha vumbi.

Hiyo kasi inayobadilika ndiyo kitu ninachokipenda kuliko vyote. Kwa gurudumu la milimita 100 na mizunguko 2800, mkanda unakwenda karibu mita 14.7 kwa sekunde. Hiyo inafaa kwa kula chuma kabla hakijatiwa ugumu. Baada ya kukizimisha kwenye mafuta na kukirudisha ulaini kidogo kwa nyuzi 200, mambo ni mengine. Makali ni membamba, hayana mahali pa kupeleka joto. Yakigeuka rangi ya majani makavu bado una matumaini. Yakiwa bluu, chuma kimeshapita nyuzi 290 hivi na ugumu umeondoka. Nilipoteza ncha ya kisu namna hiyo, kisu ambacho nilikuwa nimeahidi kumpa kaka yangu, na ikabidi nikifupishe kwa sentimita mbili. Siku hizi kazi ya mwisho naifanya kwa mita 4 au 5 kwa sekunde, vidole vikiwa wazi ili visikie joto, na ndoo ya maji iko gotini. Kidole kikiuma, kisu kinaingia majini. Ila usiendeshe taratibu muda mrefu bila kuipumzisha mota, kwani feni yake nayo inazunguka taratibu.

Bapa la kuegemezea nilitumia chuma laini, na baada ya miezi mitano lilikuwa limelika katikati kama kijiko, mistari ya visu ikaanza kuviringika kingoni. Nimegandisha juu yake kioo cha seramiki kwa gundi ya epoksi, na chini nikachomelea ukingo kisije kikateleza. Hakijaonyesha hata alama.

Mikanda (namba ikipanda, punje zake zinakuwa ndogo zaidi): namba 60 ya seramiki kwa kuanza, kisha 120, 220, 400. Usiuonee huruma mkanda uliokufa. Ukiona unabonyeza zaidi ili ukate, unachopata ni joto.

Nilipofanya kazi jioni moja bila barakoa, asubuhi nilipiga chafya nyeusi. Sasa navaa yenye vichujio, na miwani, hata kwa kazi ya dakika moja. Glavu sivai karibu na mkanda, zinanaswa. Mbao za mipini nazisaga siku nyingine kabisa, baada ya kufagia na kumwaga maji ya ndoo inayokinga cheche, kwa sababu vumbi la mbao likikutana na cheche moja linaweza kufuka moshi usiku kucha bila wewe kujua.

Kilichobaki kunikera ni kwamba mashine haiwezi kulala ubavu. Kuchonga mpini ungekuwa rahisi mno mkanda ukiwa umelala. Nimeshakata bamba la bawaba, nene milimita 12, na matundu yake nimeyachora kwa chaki. Jumamosi nitayatoboa.