Miche ya mlangilangi kutoka Malindi: tazama mizizi kabla ya majani

Kitalu ninachokieleza kiko ukingoni mwa mji wa Malindi, kwenye barabara iendayo Garsen, na hutambulika kwa mibogenvilia iliyopangwa mbele yake hadi karibu kuigusa lami. Mwezi wa Mei mwaka jana, masika yakiwa yameshika, nilinunua hapo miche miwili ya mlangilangi, mti wa maua ya kunukia, kwa ajili ya nyumba yetu ya Amu (Lamu): mmoja wa shilingi 250, mrefu wa shibiri mbili tu, na mwingine wa shilingi 800 ulionifika kiunoni. Nimengoja mwaka na zaidi kabla ya kuandika, kwa kuwa mlangilangi hauhukumiwi siku ya kununuliwa.

Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu na hakuwa na haraka. Nilipomuuliza kama ana aina ile fupi, inayobaki kichaka na kufaa mtungini, alikiri kwamba hana, ingawa angeweza kuniuzia wowote na nisingejua. Kosa lake lilikuwa pale aliposema, "Mama, chukua huu mrefu, mwakani utafunga vikuba." Nami, kwa tamaa ya vikuba, yaani vishada vya maua ya kunukia vya kujipamba, nikamwamini.

Miche ilifika salama kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa mashua. Nilipokipasua kiriba (mfuko wa kuoteshea) cha ule mrefu ndipo nilipoona kwamba mzizi mkuu ulikuwa umejizungusha chini mara tatu, mgumu kama ukambaa uliolowa ukakauka. Mlangilangi hushusha mzizi mrefu usiopenda kubughudhiwa, na mche uliopitwa na wakati wake kiribani hauna pa kuushusha. Ule wa shilingi 800 ulisimama majira yote ya kusi bila kutoa jani jipya, na kaskazi ilipovuma ukakauka. Ule mdogo, ambao mzizi wake ulikuwa bado umenyooka, sasa umenipita kichwa.

Udongo wao mwekundu hauna lawama. Tatizo la ardhi lilikuwa langu, kwa sababu kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba ya mawe kina mchanga uliochanganyika na vifusi vya chokaa, ilhali mti huu hupenda udongo wenye uchachu kidogo, usiotuamisha maji na usiokauka kabisa. Nilichimba shimo la futi mbili, nikaokota kila kipande cha lipu na tumbawe, nikajaza majani yaliyooza na samadi ya punda iliyokaa miezi kadhaa. Maji ya kisima chetu yana chumvi, hivyo niliunyweshea ya mvua kila yalipopatikana. Kuta za kiwanda nazo ziliukinga na upepo wa bahari.

Jambo ambalo kitalu kingepaswa kumwambia kila mnunuzi ni urefu. Mlangilangi ukiachwa huweza kupita mita 10, na maua hubaki juu kwa kunguru. Komoro, wanakokamua mafuta yake, hukata kilele mapema ili matawi yatambae chini na wachumaji wayafikie. Wangu nitaukata ukikaribia mita mbili na nusu. Maua sijayaona bado, wala sishangai, maana mara nyingi mti huu huhitaji miaka miwili hivi tangu kupandwa. Yakija, yatachumwa alfajiri, tena yale tu yaliyogeuka manjano na kuingia wekundu kidogo ndani, kwani langilangi la kijani halina harufu ya kutosha kikuba.

Mwezi uliopita nilirudi kununua miasumini. Safari hii nilimwomba kijana aviinue viriba nivione chini, naye akaviinua kimoja kimoja. Miwili iliyokuwa imetoboa mfuko na kuota ardhini aliirudisha mwenyewe, bila ubishi, akanipa mingine kwa bei ileile.