Bodi ya proteksheni ya spika ya elfu 15 kutoka Mlandege, nimekaa nayo mwaka mzima

Assalam alaykum jamaa. Amplifaya yangu nimeiunga mwenyewe, transista za kutolea ni 2SC5200 na 2SA1943, transfoma ikishapita kwenye diodi inanipa volti 42 juu na 42 chini, na ndo inayopiga kwenye harusi za mtaani kwetu hapa Chake Chake. Mwaka jana nilivuka Unguja nkapita Mlandege nkanunua bodi ya proteksheni, ile inayokata spika amplifaya ikiharibika, kwa elfu 15, haina jina lolote, ina rilei mbili (swichi zinazojifunga na kujiachia kwa umeme), konekta za skrubu na IC (chipu) moja ya miguu minane iliyojipanga safu moja, imeandikwa uPC1237. Asili yake hio IC ni ya NEC wa Japani, hii niliyopata mimi ni ya kunakiliwa lakini kazi inafanya. Nimeifungua mara tatu tokea nimeinunua, na kauli yangu ni kuwa inunueni, ila msiifunge kama ilivyotoka dukani.

Muuzaji aliniambia "ipe volti 12" basi, hakusema za aina gani, na mie nkaipa DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) kutoka adapta. Taa ndogo inawaka, rilei kimya. Nimekaa nayo toka baada ya Adhuhuri mpaka Magharibi inaingia, napima, nimeshaanza kuamini IC ni mbovu. Mguu wa 8 wa IC, unaoingiza umeme wake, una volti 3 na kitu, sawa sawa kabisa. Kumbe shida iko mguu wa 4, huu kazi yake ni kuangalia AC (umeme wa kwenda na kurudi, kama wa ukutani) ya transfoma ipo au haipo, ukiipa bodi DC yeye anaona umeme umekatika kwa hio haifungi rilei hata ukikesha. Nkaipa AC 12 kutoka transfoma ndogo, zikapita kama sekunde nne hivi, tak! Rilei zote mbili zikashika. Kwa hio ukinunua hii bodi halafu rilei haishiki, kabla ya kulaumu kitu chochote tazama kwanza umeipa AC au DC. Na huo mguu wa 4 kwetu sisi una faida kubwa mana umeme unapokatika ghafla rilei inaachia pale pale, hamsikii lile "dup" la kapasita zinapomaliza chaji kwenye spika.

Sasa niwaeleze kilichonifanya niipende. Kuna harusi ilikuwa Machomane, usiku, rusha roho imekolea akinamama wanatunza, mara upande wa kushoto tak, kimya. Kijana anaenisaidia akanambia, "Kaka, hio rilei ishakufa, tia waya tu tuendelee, watu washapanda moto." Nkamwambia hapana, lete mita. Nkachomoa spika, nkaweka mita kwenye DC, nkapima upande wa amplifaya kabla ya rilei. Kulia inasoma milivolti 18, safi, mana chini ya 50 huna wasiwasi. Kushoto volti 38! Transista moja imeshort (imeungana ndani) kutoka kolekta mpaka emita na umeme wote wa zile volti 42 unataka kwenda kwenye spika.

Pigeni hesabu wenyewe. Spika ya omu 8 koili yake ukiipima kwa mita inasoma kama 6, volti 38 kwa 6 ni ampea zaidi ya 6, hizo ni wati 240 za joto tupu na koni imesimama pale pale haisukumi hewa ya kuipoza koili. Ningetia ule waya, wufa (spika ya besi) ingefuka moshi mbele ya bibi harusi. Na hili si la kuhadithiwa, ami yangu aliwahi kupeleka amplifaya yake kwa fundi mmoja kwa tatizo hili hili la rilei kutoshika, fundi akaunga waya juu ya rilei akasema imepona, wiki haikwisha wufa zote mbili zimenuka. Rilei ikikataa kushika mara nyingi haijaharibika, inakwambia kuna DC huko nyuma. Harusi tulimaliza na upande mmoja, na spika zangu mpaka leo nzima.

Upungufu wake mkubwa uko kwenye rilei zenyewe. Soma ubavuni, imeandikwa 10A 250VAC halafu chini yake 10A 30VDC, na mie nina volti 42, kwa hio DC ikija kwa nguvu pale inapoachia cheche inaweza kuendelea kuwaka kati ya midomo ya rilei (pale inapogusana) na spika ikaungua vile vile japo rilei imeachia. Bodi ilivyokuja amplifaya inaingia mguu wa kati wa rilei, spika inatoka kwenye mguu unaofungwa rilei inaposhika, na ule mguu wa tatu, unaogusana na wa kati rilei ikiachia, umeachwa hewani hauna kazi. Mie nilikata njia za shaba za bodi kwa wembe nkageuza, spika ndo iko mguu wa kati, amplifaya kwenye mguu unaofungwa, na ule wa tatu nkaupeleka graundi kwa waya mnene. Sasa rilei ikiachia spika inakaa graundi, na cheche ikivuka inaenda graundi ikate fyuzi, haipiti kwenye koili. Kazi ya nusu saa, na sijui kwa nini hawaifanyi huko huko kiwandani.

Jengine ni kutu. Nakaa karibu na bahari, baada ya miezi saba sauti ya upande wa kulia ikawa ndogo na inakwaruza, ukipandisha volumu inarudi ghafla, ukishusha inapotea tena. Hio ni midomo ya rilei imeingia weusi. Nilifungua kifuniko nkapitisha kipande cha karatasi ngumu iliyolowa spiriti mara tatu nne, karatasi ikatoka nyeusi kama masizi, sauti ikarudi. Msitumie msasa jamani, unakwangua ule mpako wa juu na mwezi hauishi inarudia.

Kwa bei yake naipa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa zile rilei, na mie nshaagiza nyengine zilizofunikwa vizuri zisizopitisha hewa, koili volti 12 kama za mwanzo, boti ya Alkhamis inshaallah zinafika.