Gitaa la umeme la chini ya laki nne: uzoefu wangu, kuanzia shingo

Ninalolizungumzia hapa ni gitaa la umeme lenye umbo la Stratocaster (bodi yenye pembe mbili), lisilo na jina linalojulikana kichwani, linalouzwa Mbeya chini ya laki nne. Linakuja kwenye boksi pamoja na amplifaya ndogo ya wati 10, waya, mkanda na piki za plastiki. Mwanjelwa utayakuta ya rangi zote, na mengi yamepandishwa kutoka Kariakoo. Nimelipiga kanisani na kwenye mazoezi ya bendi, nimelifungua lote hadi skrubu ya mwisho. Hukumu yangu: bodi inafaa, shingo inafaa ikishashughulikiwa, mfumo wa umeme ni hafifu, na ile amplifaya ihesabu kuwa nyongeza tu.

Muhimu ujue napima kwa muziki gani. Watu wengi wanaosifia magitaa ya bei ndogo mtandaoni wanapiga roki, ambako distorsheni (sauti iliyokwaruzwa makusudi) inafunika mikwaruzo ya freti (vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) na unyonge wa pikapu (sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi). Solo ya kwaya zetu na ya dansi haina pa kujificha. Sauti ni safi, nyuzi mbili zinapigwa kwa pamoja, na mkono unashinda juu ya freti ya 12. Huko juu tuni ikikosea kidogo tu, benchi la nyuma linasikia. Kwa hiyo shingo ndiyo ninayoinunua. Rangi na pikapu baadaye.

Bodi niipitie haraka. Fungua kifuniko cha plastiki cha mgongoni, skrubu sita, utazame ukingo wa shimo la springi. Ukiona matabaka, ni plaiwudi. Ukiona mbao ya kawaida isiyo na matabaka, vizuri zaidi, ingawa kwa sauti tofauti ni ndogo kuliko wauzaji wanavyosema. Shida ya plaiwudi dhaifu ni kushika skrubu: ukifungua na kufunga shingo mara kadhaa, matundu yanalegea. Dawa yake ni kijiti cha meno na gundi ya mbao ndani ya tundu, ikauke usiku kucha.

Sasa shingo. Umbo hili la gitaa lina urefu wa uzi wa milimita 648, kwa hiyo freti ya 12 lazima iwe milimita 324 kutoka kwenye kile kipande cheupe cha plastiki kinachopitisha nyuzi kichwani. Nenda na rula ya chuma. Kisha pima kutoka freti ya 12 hadi kwenye briji, penye vile vibebeo sita vya nyuzi. Kibebeo cha uzi wa kwanza (mwembamba kuliko yote) kinapaswa kukaa milimita moja au mbili nyuma ya 324, na cha uzi wa sita (mnene kuliko yote) nyuma zaidi ya hapo, milimita tatu hadi tano. Kama kibebeo kimevutwa nyuma mpaka mwisho wa skrubu yake na bado freti ya 12 inatoa sauti ya juu kuliko harmoniki ya mahali palepale (mlio unaotoka ukiugusa uzi tu bila kuubana), basi briji ilifungwa mahali pasipo pake kiwandani. Hilo halina marekebisho ya bei nafuu. Rudisha gitaa kwenye boksi, chukua jingine la rangi ileile. Kwenye magitaa ya daraja hili, mawili ya jina moja na bei moja yanaweza kutofautiana sana, ndiyo maana sinunui kwa picha ya WhatsApp.

Kipimo cha harmoniki fanya kwa programu ya tuna ya simu. Noti iliyobanwa ikiwa juu kuliko harmoniki, rudisha kibebeo nyuma; ikiwa chini, kisogeze mbele. Nyuzi zilizochakaa zinadanganya, hivyo kazi hii fanya ukiwa na nyuzi mpya.

Upindaji wa shingo: bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na bodi, uangalie nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa milimita 0.2 hadi 0.3. Fundi pikipiki yeyote ana fila geji ya kupimia plagi na valvu. Jani la 0.25 ndilo hasa unalolihitaji. Nafasi ikizidi, kaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo kwa spana ya Allen, robo mzunguko tu kwa mara moja, uache mbao itulie kabla ya kupima tena. Kukaza kunanyoosha shingo, kulegeza kunairuhusu nyuzi ziivute ipinde. Jaribu dukani kama skrubu ya fimbo hiyo inazunguka. Ikiwa imeganda au tayari imekazwa mpaka mwisho, shingo hiyo haina akiba.

Freti zisizolingana kimo ni ugonjwa wa kawaida kabisa. Kata kadi ya benki ya zamani iwe vipande vya urefu tofauti, kila kipande kiguse freti tatu tu kwa wakati mmoja. Kadi nzima inatosha kule chini, lakini juu ya freti ya 12 unahitaji kipande cha kama sentimita nne. Kipande kikicheza huku na huku, freti ya katikati imeinuka. Igonge taratibu kwa nyundo ya plastiki au kwa kipande cha mbao juu yake. Ikishuka na kupanda tena, tone la supagluu litaishika. Isiposhuka, iguse kwa msasa wa maji uliozungushiwa kipande cha mbao nyoofu, baada ya kufunika ubao wa freti kwa tepu ya karatasi. Usianze na freti tano kwa mpigo. Anza na ile iliyo juu tu.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko mtu wa Dar. Gitaa limekaa miezi kwenye joto la unyevunyevu la pwani, halafu linapandishwa Mbeya, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, au Njombe ambako ni juu zaidi. Likifika mwezi wa Juni, linakutana na baridi kavu na upepo unaoendelea mpaka Oktoba. Mbao inapoteza unyevu na kusinyaa. Chuma cha freti hakisinyai. Matokeo yake ncha za freti zinachungulia pembeni mwa shingo na kukwaruza mkono kila unapoteleza. Watu wanasema gitaa limeharibika, kumbe ni hali ya hewa. Chukua tupa laini, ilaze kwa mwinamo wa kama digrii 35, punguza ncha mpaka kidole kipite bila kukwama. Wakati huohuo shingo inabadilika mpindo, kwa hiyo robo mzunguko wa fimbo ile utauhitaji kiangazi na tena mvua zikianza Novemba. Usiliweke karibu na jiko la mkaa la kuotea moto. Nimekuta ubao wa freti umeachana na shingo kwa sababu hiyo.

Ubao wenyewe futa kwa kitambaa cheupe chenye maji kidogo. Kitambaa kikiwa cheusi, ni mbao nyepesi iliyopakwa rangi. Inaudhi kidogo ukikumbuka kwamba mpingo wetu wa kusini unasafiri kwenda Ulaya kuwa klarineti, na sisi tunarudishiwa ubao wa kupaka wino. Hata hivyo ubao uliopakwa rangi unafanya kazi. Upake mafuta kidogo kiangazi.

Kipande cheupe cha plastiki kule kichwani kwenye gitaa hili kimeachwa juu mno. Bana uzi freti ya 3, tazama juu ya freti ya kwanza: nafasi iwe nyembamba kama karatasi, mguso tu. Ikiwa kubwa, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za chini zote zinasikika zimepanda hata kama umetyuni sawasawa, na kodi ya F inakuwa adhabu kwa mwanafunzi. Mafundi wa kuchomelea wana seti ya vijiti vyenye meno vya kusafishia tundu la gesi. Vinafaa kuchimbia mifereji hii, kwa uangalifu, kwani ukishuka sana uzi utakwaruza freti ya kwanza na itabidi ununue kipande kipya. Sugua risasi ya penseli ndani ya mfereji ili uzi usikwame. Ule mlio wa "ting" unaousikia ukizungusha funguo unatoka hapo.

Funguo za kutyuni zenyewe wengi wanazilaumu bure. Gitaa linalopoteza tuni mara nyingi lina nyuzi zilizozungushwa ovyo (mizunguko miwili au mitatu inatosha) au mkono wa kutikisia briji. Mkono huo ung'oe. Nyuma kuna skrubu mbili ndefu zinazoshika springi. Zikaze mpaka briji ilale juu ya bodi, na kama springi ni tatu, ongeza ziwe tano. Kwaya haiuhitaji mtikiso huo, na tuni inatulia. Baada ya hapo weka kimo cha nyuzi kwa spana ya 1.5: milimita 1.6 kwa uzi wa kwanza na 2.0 kwa wa sita, ukipimia freti ya 12.

Umeme. Pikapu ni za sumaku ya seramiki iliyobandikwa chini, na zikipimwa kwa mita zinasoma kilo-omu 5 hadi 7 hivi, hali ya kawaida. Sauti ni kali kidogo lakini safi. Kwa solo naipenda kuliko nilivyotarajia. Udhaifu uko pengine. Voliumu ina herufi B, maana yake ni ya mstari: ukiipunguza huoni mabadiliko mpaka karibu na chini kabisa, halafu sauti inadondoka ghafla. Fundi redio atakuwekea ya A250K (A ni ile inayopungua taratibu sikioni) kwa dakika chache. Jeki (tundu la kuchomekea waya) inalegea kwa sababu watu hukaza nati yake huku jeki nzima ikizunguka ndani na kukata waya. Ishike kwa ndani unapokaza.

Mvumo ukipungua ukishika nyuzi, arthi ya gitaa iko sawa, na karatasi ya aluminiamu ndani ya mashimo, ikiunganishwa na arthi, itausaidia kupungua zaidi. Lakini ukihisi umeme mdomoni ukigusa maiki huku umeshika nyuzi, hilo silo suala la gitaa. Makanisa mengi yana soketi za volti 230 zisizo na arthi ya kweli. Weka mita kwenye AC, ncha moja kwenye uzi na nyingine kwenye maiki. Ikisoma makumi ya volti, zima kila kitu, muite fundi umeme.

Amplifaya ya wati 10 inatosha chumbani. Mbele ya ngoma haisikiki, na wengi huishia kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa, kisha wanalalamika sauti imekufa. Ingizo la kawaida la miksa linameza sauti za juu za pikapu, kwani ukinzani wake ni mdogo mno kwa pikapu. Tafuta ingizo lililoandikwa Hi-Z (lenye ukinzani mkubwa), au nunua kisanduku cha DI chenye betri, kinachokaa kati ya gitaa na miksa. Hicho ndicho kifaa cha kwanza ningekinunua, kabla ya efekti yoyote.

Kwenye bei ya boksi ongeza seti ya nyuzi za unene wa 10 hadi 46, jeki, voliumu, na malipo ya fundi kama huwezi mwenyewe. Jumla hiyo ndiyo bei halisi, na ndiyo ya kulinganisha na Yamaha Pacifica au Squier ya mtumba. Pacifica 112 ina bodi ya mbao ya alda na kazi ya freti ya kiwandani iliyo nadhifu zaidi. Nikiikuta kwa tofauti ya laki moja na kitu, naichukua. Ila mtumba unakaguliwa mahali pengine: tazama chini ya uzi wa kwanza hadi wa tatu, freti ya 1 hadi ya 5. Ukikuta vishimo vinavyoshika kucha, freti zimeliwa, na kuzibadilisha huku kwetu ni kazi ya mafundi wachache. Hapo shusha bei, au umwachie mwenyewe.